Picha Ndogo Haitaki Uikaribie

Poni mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, nami naijua kwaya ile: mtaimba, mtalia, mtakula, halafu mtaimba tena. Kwa hiyo nina muda wa saa tatu kukuandikia, labda nne. Nimefunga mlango wa studio mchana kweupe, jambo ambalo hujawahi kuliona tangu tufike Juba, na wateja wawili wameshagonga wakachoka wakaenda zao. Jenereta nimeizima ili nisipate kisingizio cha kukaa kwenye kompyuta. Nimebaki na kalamu, karatasi za printa na hili joto.

Sitakuandikia habari za pasipoti uiweke wapi, wala uvae nini, wala usimwamini nani. Shangazi yako wa Nairobi atakuambia hayo yote kabla hujatua begi, na atayarudia kesho yake kana kwamba hajawahi kuyasema. Ndugu yangu yule namjua. Mimi nitakuandikia yale ambayo shangazi hayajui, na hayajui kwa sababu sijamwambia mtu yeyote.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kibari, lugha ya kwetu, kwangu ni cha kusema, si cha kuandika. Kiarabu changu cha Juba unakicheka hata mbele ya wateja. Na Kiingereza nakitumia kwenye kibao cha mlangoni tu. Kiswahili ndicho tulichotoka nacho Kitale, wewe na mimi na masufuria mawili, baada ya kumzika mama yako kule. Ndicho tunachogombania na ndicho tunachopatania, kwa hiyo leo kitatufaa kwa yote mawili.

Maana kuna jambo nililokufanyia, Poni. Nitalisema humu, sitakimbia. Lakini nikianza nalo utaiweka barua chini usiendelee, na mimi nataka ulione lote pamoja na mahali lilipotokea. Si wewe uliyenifundisha? Tulia kwanza kwenye picha, acha jicho la mtazamaji lifike, ndipo usogee.

Nakumbuka siku uliyokuja na ile CD kutoka kwa rafiki yako wa Kampala. Ulikuwa unang'aa. Ulisema, "Baba, picha zinaweza kutembea." Nami nikakujibu bila hata kuinua kichwa kwamba picha iliyotembea ni picha iliyoharibika. Ndivyo nilivyofundishwa. Pale Kitale, kwenye studio nilikojifunzia kazi, mteja akitikisika nilikuwa nakemewa mimi, si yeye. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watu watulie, wainue kidevu, wasipumue kidogo, halafu binti yangu mwenyewe ananiletea programu ya kuwatembeza.

Lakini wewe ulikuwa umeona kitu ambacho mimi sikukiona. Amani ilikuwa imewarudisha watu wote kwa mpigo mmoja, wa Khartoum kwa matishari ya mtoni, wa Uganda kwa barabara, sisi wa Kenya kwa njia zetu. Kila mmoja ana harusi, kila mmoja ana marehemu aliyefia mbali ambaye hakupata kuliliwa. Wote wanataka video ya maisha yao kwenye ukuta, na hakuna mwenye video. Mtu wa miaka hamsini ana picha nne, zimekaa kwenye mfuko wa plastiki tangu vita. Picha nne haziwezi kujaza wimbo mmoja zikiwa zimesimama. Ila ukizipitia taratibu, kutoka mkono hadi uso, kutoka mtoto hadi mama, picha nne zinatosha maisha mazima. Hayo uliyasema wewe ukiwa na miaka kumi na saba, umekaa juu ya kreti ya soda.

Basi ukanifundisha. "Unachora kisanduku cha kwanza, Baba. Hapa ndipo jicho linaanzia. Unachora cha pili. Hapa ndipo linaishia. Katikati kompyuta inatembea yenyewe." Mimi nilikuwa nashika mausi kama mtu anayepiga pasi, nasukuma hadi inaanguka mezani, na wewe unaiokota unairudisha bila kusema kitu. Subira ile hukuitoa kwangu.

Halafu nikaona nimeshajua. Unaikumbuka harusi ya yule ofisa, kule karibu na Bilpam? Ulinisihi niache picha zitulie. Mimi nikasema wewe ni mtoto, hujui wateja wanataka nini. Nikaweka kila kitu nilichokikuta kwenye programu: picha hii inakwenda kulia, hii inapanda, hii inazunguka, hii inakuja mbio kama ng'ombe aliyekata kamba, kila moja kwa sekunde tatu. Wazee wa meza ya mbele wakaanza kuinamisha vichwa upande huu na upande ule. Baadaye mjomba wa bwana harusi akainuka na suti yake, akaja kuishika meza ya projekta kwa mikono miwili. Akaniambia kwa upole, "Bwana, hii meza yenu iko mgonjwa." Akaishikilia hivyo hadi mwisho, jasho likimtoka, na baadhi ya wageni wakampigia makofi kwa kusaidia. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia umeketi chini kwa kucheka. Nilikununia siku ile, lakini usiku, nikiwa peke yangu, nilicheka hadi mbavu zikaniuma, na nilisikitika kwamba mama yako hakuiona.

Baada ya pale nikakubali kwenda polepole. Kitu kimoja tu nilikataa kukubadilishia. Mimi nilipenda kuvuta karibu. Kila picha niliyoishika niliianza mbali nikaimalizia usoni, na hasa machoni. Wewe ulilalamika. "Baba, kila mtu unamwishia machoni. Anza usoni siku moja, urudi nyuma, tuone alikuwa amesimama wapi." Na mimi nikakuuliza nani anataka kuona ukuta. Tulibishana juu ya ukuta huo zaidi ya mwaka mzima.

Sasa nafika kwa Mama Kiden.

Unajua ilivyokuwa, ila nataka nikuambie nilivyoiona mimi. Yule mama alikuja na picha ya mwanawe, ile ya kitambulisho cha shule, ndogo kama ukucha wa dole gumba, na pembeni imeliwa na muhuri. Kijana alikuwa amekufa wakati wa vita, na sasa ndiyo wanamfanyia karama, ile karamu ya kumwombolezea marehemu, kwa sababu zamani hakukuwa na nafasi ya kukaa wala chakula cha kulisha waombolezaji. Ndiyo ilikuwa picha yake ya pekee duniani. Mama Kiden alinipa akiwa ameifunga kwenye leso, na alipoona naiweka kwenye skana alisimama karibu akiangalia ule mwanga ukipita, kana kwamba ungemuunguza.

Ulisema, "Hii tuiache tu, Baba." Mimi nikasema mama huyu amekuja kumwona mwanawe, na mwanawe nitamleta. Nikachora kisanduku cha mwisho machoni kabisa, kidogo kuliko nilivyowahi kuchora.

Siku ya karama shuka ilitundikwa kati ya nguzo mbili za hema, kwaya ikaanza, na yule kijana akatokea. Watu wakashusha pumzi. Mashine ikaanza kumsogelea. Ikamsogelea, ikamsogelea, na uso ukaanza kuvunjika. Pua ikawa vipande, mdomo ukawa vipande, halafu ikabaki miraba ya kijivu, mikubwa, imejaa shuka nzima, na wimbo bado uko katikati. Mama Kiden aliinuka akaenda hadi kwenye shuka akaiwekea mkono. Hakupiga kelele. Alisema, "Simama hapo. Rudisha. Mtoto yangu alikuwa anakuja, sasa wewe umemvunja."

Wewe ndiye uliyeinuka, ukanitoa mkono kwenye mausi kwa upole, ukamrudisha yule kijana nyuma, nyuma zaidi, mpaka akawa mdogo katikati ya ile shuka nyeupe, si mkubwa kuliko kitabu cha nyimbo. Ukamwacha hapo. Hukumsogeza tena hadi wimbo ukaisha na mwingine ukaisha. Mama Kiden alikaa chini pale pale, mbele ya shuka, akamtazama. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona watu wakiangalia picha namna ile.

Njiani ulisema, "Picha ndogo haitaki uikaribie, Baba." Hukusema kwa kunidharau. Lakini mimi nilikununia siku mbili. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa sahihi mbele ya watu, na kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine: kwamba sasa kazi ni yako, mimi ndiye msaidizi, na mtu mwenye mkono ule hatakaa Juba kunisaidia kuandika majina ya maharusi.

Siku ya tatu alikuja Adriko, yeye anayetuletea barua za uwanja wa ndege.

Ulikuwa umekwenda kununua mafuta ya jenereta. Nilikuwa nabandika albamu, mikono imejaa gundi. Adriko akaegesha baiskeli, akiwa bado na ile fulana yake ya upakiaji wa uwanja wa ndege, akasema, "Mzee, mimi iko na barua ya Poni. Imekuja na ndege ya Nairobi leo. Wameniambia mkono kwa mkono." Nikaipokea. Alikataa hata maji, akasema mizigo inamngoja, akaenda.

Poni, ilikuwa barua ya kile chuo cha Nairobi ulichokipelekea kazi zako. Ile uliyoitazamia. Walikuwa wamekukubali, mwaka jana, mwezi ule ule wa karama, na wamekupa majuma matano ya kufika.

Niliifungua. Nikajiambia baba ana haki ya kufungua. Nikaisoma mara mbili, nikainua skana, nikaiweka chini yake. Nikajiambia nitakupa kesho, nikishaacha kununa. Kesho yake ukaamka ukanipikia chai, ukaniuliza kama bado nimekasirika, na tukacheka kidogo, na ilikuwa vizuri sana, nikaona nisiiharibu siku. Ndivyo ilivyoanza. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kukuibia. Niliahirisha tu, siku moja moja, hadi yale majuma matano yakaisha.

Sababu nilikuwa nazo nyingi. Kwamba u mdogo, kwamba Nairobi ni kubwa, kwamba hali ya nchi haijulikani, kwamba studio itakufa. Zote nilizisema moyoni kwa sauti ya mtu mwenye busara. Ukweli ni kwamba niliogopa jioni. Nilimwogopa yule mtu ambaye angefunga duka saa kumi na mbili, akawasha jiko, akatoa sahani moja. Nilishakuwa mtu huyo miezi ile ya Kitale baada ya mama yako kufa, ulipokuwa kwa shangazi, na sikutaka kurudi kuwa yeye. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema kwa sababu ndilo jambo lenyewe, na yale mengine ni nguo nilizolivisha.

Na wewe mwaka mzima ukawa unakaa kwenye mashine ile. Kila picha ya mtu uliyoiskani, barua yako ilikuwa vidole vinne chini ya mkono wako. Nilikuwa nakuangalia ukifungua kifuniko na moyo unanienda mbio, halafu baada ya mwezi haukwenda mbio tena. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilifikiria leo, jinsi nilivyozoea.

Ulikuwa unauliza kila ndege ikitua. Halafu ukaacha kuuliza. Siku moja, unafuta vumbi kwenye lenzi, ukasema, "Labda sikufaa, Baba." Unakumbuka nilivyokujibu? Ningeweza kuinua skana. Ilikuwa mbele yetu. Badala yake nikasema, "Nairobi wana watu wao, mama." Nikakuita mama, kwa jina la mama yangu ulilolibeba, huku nakudanganya. Kuificha barua ni kosa, lakini nikipewa nafasi ya kufuta kitu kimoja tu, ningefuta sentensi ile, maana niliona mabega yako yalivyoshuka.

Halafu mwaka huu, huku mji mzima hauna habari nyingine ila kura ya maoni, barua ya pili ikaja kwa mkono wa mke wa shemasi, na hiyo ukaifungua wewe. Ukaisoma kwa sauti, umesimama mlangoni. Wanasema waliandika mwaka jana hawakupata jibu, lakini kazi zako bado wanazikumbuka. Uliruka ukanikumbatia. Ukashtuka ukauliza, "Waliandika mwaka jana?" Na mimi, nikiwa nimeinamia kamera isiyokuwa na tatizo lolote, nikasema barua za Nairobi hupotea pale uwanja wa ndege, unajua mambo yetu. Hapa hakuna anayeshangaa barua ikipotea, ndiyo maana uwongo ule ulikuwa rahisi.

Ukasema, "Adriko." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Ulikwenda siku ile ile. Uliporudi ulinisimulia mwenyewe: kwamba ulimwambia mbele ya wenzake amekuibia mwaka mmoja wa maisha yako, na yeye akavua kofia akasema, "Malesh, dada. Mimi nabeba barua mingi. Pengine ilianguka. Unisamehe." Tangu hapo humsalimii. Wiki iliyofuata alileta mkungu wa ndizi kutoka kwao Arua, Uganda, wa kukuomba radhi. Ulisema huwezi kula ndizi za mtu yule. Nilizila mimi, Poni. Nilizila zote, siku nne, asubuhi na jioni, kwa sababu sikuweza kuzitupa na sikuweza kuzitazama.

Juzi Jumanne alikuja tena ukiwa kwa fundi cherehani. Nilidhani amekuja kupiga picha. Akauliza unasafiri saa ngapi, maana anataka kulibeba begi lako mwenyewe lisirushwe. Nikamshukuru. Hakuondoka. Akawa anaangalia picha za ukutani, moja moja, kisha akasema bila kunigeukia, "Mzee, ile barua mimi nilikupa. Mimi nakumbuka. Siku ile mikono yako ilikuwa na gundi."

Nikavitazama vidole vyangu.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza baadaye, kama mtu aliyefiwa na akili.

"Mambo ya baba na mtoto, mimi naingia wapi?" akasema. "Mimi iko na watoto watatu huko Arua. Mimi naona wao Krismasi tu. Nilisema, huyu mzee anaogopa kubaki. Kalas, basi, acha hasira ya mtoto ikae kwangu kidogo." Halafu akaongeza, na hili ndilo lililonikalisha kwenye meza hii leo: "Lakini sasa imekaa sana, Mzee. Imekuwa nzito."

Alipanda baiskeli akaenda zake.

Tangu siku ile nimekuwa nafanya kitu ambacho umenikuta nakificha mara mbili, ukadhani ni kadi ya kuagana. Niliichukua ile picha yako ya Kitale, ya ulipokuwa na miaka saba, ambayo nimekuwa nayo kwenye waleti nikiwa nimeikata hadi ikabaki uso tu. Nikaitafuta negativu yake kwenye bati la biskuti, nikaipata, nikaiskani yote. Halafu nikafanya ulivyoniomba siku zote. Nikachora kisanduku cha kwanza usoni mwako, na cha mwisho nikakifungua hadi kwenye kingo za picha.

Mara ya kwanza niliirudisha haraka mno, ukawa kama mtoto anayeanguka kisimani. Nikaongeza muda. Nikaongeza tena. Sasa ni sekunde arobaini, na sekunde kumi za mwisho hakuna kinachosogea. Uso wako unaanza mkubwa, jino moja halipo, unajikaza usicheke. Halafu taratibu yanakuja mabega, sare ya shule, viatu vya kuazima. Kisha linakuja lile pazia la studio lenye maua ya kuchora. Na juu ya pazia, Poni, pale nilipokuwa naona ukuta tu, kuna vidole vinne vya mkono wa kushoto na vinne vya kulia. Msumari ulikuwa umeng'oka siku ile na mama yako alipanda juu ya kiti nyuma akalishikilia pazia kwa mikono. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote hii nimeibeba picha ile nikiwa nimemkata. Ndiye aliyekuwa anakuchekesha, kule nyuma.

Nilikaa nikaitazama hadi mafuta ya jenereta yakaisha. Nilimlilia yeye, nikakulilia wewe, na nilijililia mimi pia, sitakuficha. Nyumba itakuwa kimya sana kuanzia kesho. Hilo nalijua na nimeacha kulikataa.

CD hiyo nimeiweka kwenye begi lako, ndani ya soksi za bluu. Na barua hii nayo nilikusudia kuiweka hapo hapo, uisome ukishafika, mahali ambapo hasira yako haiwezi kunifikia hapa kwenye kiti changu. Niliipanga hivyo hadi nilipoanza kuandika habari za Adriko. Kesho asubuhi pale uwanjani atakuja kulichukua begi, na wewe utamgeuzia uso, na atalibeba, barua ikiwa ndani, hatia yangu begani mwake, hadi kwenye ndege. Hapo nikaona siwezi.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukirudi, kabla hatujala. Barua ya chuo ya mwaka jana iko ndani ya hii, nimeikunja kama ilivyokuja, na alama ya gundi ni ya vidole vyangu. Nitakaa mbele yako usome. Sitatoka kwenda kuangalia jenereta. Ukitaka kusema, sema yote. Ukitaka kulala kwa wenzako wa kwaya usiku huu, nitakubebea mto nikusindikize, na sitazungumza njiani. Sikuombi unisamehe kabla ya kupanda ndege. Mimi nilichukua mwaka mmoja kukwambia ukweli, wewe chukua muda unaoutaka.

Jambo moja tu naomba, na si kwa ajili yangu. Kesho pale uwanjani, hata kama hunisemeshi, mtafute Adriko. Atakuwa na fulana yake ya kazi na atajifanya ana shughuli nyingi. Msalimie kwa jina, mwite kaka, na yeye ndiye umshike mkono kwanza.

Mimi nitasimama nyuma, karibu na ukuta. Ukipenda kuniona utaniona.

Baba yako